Maji ya source yetu

Gaël weye uko wapi?? Jibu!

Kaka Michée amejifungia mu chumba, hataki kusema na mutu.

Unajua kale kamashini yake ka kupima dawa ya wadudu mu mboga na mu maji? Leo alikapeleka ku soko ya Nyakasanza. Batu bakajaa. Anachovya kijiti, courant kidogo ya umeme inapita, kama dawa iko ndani, mustari unapanda ku telefone.

Akasema: «Tuanze na maji safi, muone vile mustari unalala.» Akatoa chupa ya maji ya source yetu, ile chemchemi. Ya source, Gaël! Yenye mama anatekaka kila siku!

Mustari ukapanda.

Batu bakacheka. Akabadilisha kijiti. Ukapanda tena!! Akajaribu maji ya kuuza, ukalala kimya. Njo kicheko ikakatika.

Mama mumoja mwenye anauzishaka mboga ya lengalenga akamuuliza polepole: «Mutoto yangu, sasa tukunywe ya wapi?»

Michée akakunja kamashini yake, akaondoka. Michée, mwenye hakosake jibu!

Na siye tunajua kwenye balimaji banasafishiaka pompe za kupulizia dawa, kule juu ya source, ku mashamba ya choux, zile kabeji. Tunabaonaka kila siku.

Ku nyumba akamuambia mama. Mama: «Basi nitachemusha muzuri.» Michée: «Mama, moto haiondoe ile dawa.» Mama akaongeza makala ku moto.

Sasa mama ameniletea chai. Ya Michée ameiweka ku mulango.

Nimekunywa, Gaël. Iko tamu sawa siku zote.