Meli Niliyoitemea Mate

Yeyo, mama yangu, takwenya! Mvua imeshika huko Bisil, ama mawingu bado yanawapita tu?

Hapa Uingereza inanyesha kila siku na hakuna mtu anashukuru. Leo, kabla kozi ianze, nilitembelea mahali walikuwa wanaunda meli za vita zamani. Sasa ni makumbusho. Hiyo meli ya mbao unaona kwa picha niliyokutumia ni kubwa kuliko kanisa letu. Walituambia ilienda vita nyingi na ikarudi salama kutoka zote. Kabla nijue, nilikuwa nimeishika ubavu na kuitemea mate kidogo, vile wewe hutubariki tukisafiri.

Askari wa mlangoni akaja mbio, mama wa rika lako. "Umetemea meli yetu mate?"

Nikamweleza kwamba kwetu mzazi hutemea mate kile anachokitakia maisha marefu. Nilingoja kufukuzwa. Akauliza polepole, "Na mtu je? Binti yangu ni mwanamaji. Anaondoka kesho, na sijui nimwambie nini."

Nikamwambia mimi bado ni mtoto, hiyo ni kazi yake yeye mama. Kwa hivyo nilimfundisha. Nimemwacha pale mlangoni akijaribu kwa kiganja chake mwenyewe, akicheka na kufuta macho.

Kesho ukitoka kukamua, mtemee huyo msichana pia, hata kama humjui. Mate yako hufika, Yeyo. Mimi si nilifika?

Wako akupendaye sana,
Naserian