Niliruka Salamu

Isiolo, Jumanne. Upepo na vumbi tangu asubuhi. Nimefagia baraza mara mbili na bado linanicheka.

Nina hasira. Hasira ya kitoto, lakini ni yangu.

Nimetafuta blogu yangu mtandaoni. Niliiandikia maelezo mafupi, matamu kabisa: "Kumbukumbu za binti wa dereva wa Isiolo." Mtambo wa kutafuta umeyatupa, ukaweka sentensi kutoka kwenye barua ya marehemu baba: "Lori limekwama kwenye matope hapa Gotu, nitafika Ijumaa." Jamani! Nani ameuomba?

Mpwa wangu Nasra amecheka mpaka machozi. "Shangazi, si umetafuta 'lori Gotu'? Huo mtambo unaangalia mtu ameuliza nini. Kama maelezo yako hayamjibu, unachukua maneno ya ndani yanayomjibu. Halafu umebandika maelezo hayo hayo kila ukurasa, hata ule wa mapishi ya anjera!"

Huo mtambo ni mimi.

Miaka ya sabini, nikiwa darasa la tano, nilikuwa msomaji wa Hooyo, mama yangu, ambaye hakwenda shule. Barua za baba zililetwa na madereva wenzake, na zote zilianza na salamu ndefu: mimi mzima, hofu ni kwenu, nisalimie fulani na fulani. Hooyo, mikono kwenye unga, alikuwa anasema, "Ruka hizo. Anakuja lini?" Naruka, natafuta siku, namsomea, nakimbia kucheza. Nilijiona mjanja sana.

Leo nimeitoa ile barua ya Gotu sandukuni. Hata nilipoinakili kwenye blogu nilianzia kwenye lori. Safari hii nimesoma kutoka juu. Baada ya kumsalimia mwalimu wa madrasa, baba amemwandikia Hooyo, kwa jina lake, hivi: "Fadumo, ule wimbo wako wa kukamulia ng'ombe nimeuimba njia yote. Nimesahau unavyoisha. Nikifika unimalizie."

Baba hakuwa mtu wa kusema vitu kama hivyo kwa mdomo.

Nimelia, sidanganyi.

Nimempelekea Hooyo pale barazani alipokaa na tasbihi yake. Nimemsomea yote, nikamwambia, "Nisamehe Hooyo, niliruka." Ameichukua karatasi, akaipapasa kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Nilifikiri amekasirika.

"Kumbe," akasema. "Ijumaa ile alikuja kukaa jikoni, kimya tu, ananiangalia. Nikamwambia atoke, ananizibia mwanga."

Amecheka kidogo. Halafu, kwa sauti ile yake iliyokwisha, ameanza kuimba. Hakuanza mwanzo. Ameanzia katikati, pale baba alipokwama, mpaka mwisho.

Barua zingine bado ziko sandukuni. Kesho naanza na salamu.