Kipande cha Pili cha Ujumbe

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa binti yangu.
Jumapili, 9 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. U mzima? Mkeo je, na yule mdogo anayeota meno? Mimi nipo tu. Miguu imevimba, nalala nimekaa, na daktari siku hizi huzungumza na binti yangu mlangoni badala ya kuzungumza nami. Naandika wakati mkono bado unanitii.

Ni habari ya mama yako na yale mafuriko.

Unakumbuka nilipostaafu ualimu, ofisi ya bwawa ilinipa kazi ya kuandika ujumbe wa tahadhari kwenye simu za watu wa bondeni. Asubuhi ile bwawa lilipopasuka, fundi wa mitambo aliniambia, "Mwalimu, maneno manne tu: maji yanakuja, hameni sasa."

Nikamjibu, "Wale si mbuzi wa kuswagwa. Watu husalimiwa kwanza."

"Haya, na chai uwaandalie," akasema.

Nikawasalimu. Nikawapa pole ya mvua, nikawashukuru kwa subira yao. Ujumbe ukawa mrefu, mtandao ukaukata vipande viwili. Cha kwanza kilifika papo hapo. Cha pili, chenye agizo la kuhama, kilikwama hadi maji yalipokwisha kupita.

Msibani nilikuambia mama yako alionywa akakaidi, eti hakutaka kuacha kuku wake. Miaka kumi na moja umemkasirikia marehemu, hata kaburi lake hujalikanyaga. Nami niliona, nikaacha iwe hivyo.

Ukweli niliupata wiki ile ile kwa jirani yake, mshonaji, aliyeokolewa juu ya paa. Waliposikia mvumo alimhimiza waondoke. Mama yako alikuwa na simu mkononi. Akamwambia, "Tulia, jirani. Huyu ni kaka yangu anaandika, namjua, bado hajafika kwenye jambo lenyewe. Ngoja amalize."

Sina nguvu ya kujitetea, wala sikudai msamaha. Barua hii msomee na kaka yako, dereva, maana naye nilimdanganya. Nisalimie mkeo, umbusu mtoto. Mungu awape usingizi mwororo, nyumba nzima.

Ukija kunizika, pitia kwanza kwa mama yako. Hakuwa mkaidi. Alikuwa ananisubiri mimi.

Akupendaye, hata kama wewe utashindwa,
Mjomba wako