Kifo cha Erukana Ssali, Stesheni ya Jakobsberg

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Jakobsberg, 27 Oktoba 1986, saa 4:15 asubuhi

Jina: Deusdedit Kamugisha, Mtanzania. Umri: miaka 36. Kazi: fundi wa maabara. Makazi: Jakobsberg.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Marehemu Erukana Ssali, Mganda, nilifanya naye kazi miaka minne. Alikuwa akikuza fuwele za protini ya vimelea vya malale, ugonjwa uliomuua mama yake. Fuwele hizo zilikuwa ndogo kuliko chembe ya chumvi, na mashine yetu ya eksirei haikuweza kuonyesha umbo la protini hiyo, ambalo lingesaidia kutafuta dawa. Ilibidi zipelekwe Hamburg kwenye sinkrotroni, mtambo wa pete unaotoa eksirei kali mno. Zamu yake aliingoja miezi kumi na moja.

Mnamo tarehe 14 Oktoba, saa 12:50 asubuhi, tulikuwa stesheni tukingoja treni ya mjini ili tuanze safari hiyo. Mzee mmoja Mswidi aliteleza akaanguka relini. Erukana akanikabidhi kisanduku cha fuwele. Akasema, "Shika vizuri, zisitikisike." Akaruka chini.

Alimwinua yule mzee, mwanamke mmoja akamvuta mzee juu. Treni ilikuwa imeshaonekana, inapiga honi.

Siku ile niliwaambia polisi kwamba Erukana hakusema kitu tena. Mkewe, Proscovia, naye aliniuliza msibani, "Shemeji, hakuacha neno?" Nikamjibu, "Hakuacha."

Si kweli. Alininyooshea mkono akasema, "Deo, nivute." Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Niligeuka kutafuta mahali pakavu pa kuweka kisanduku. Nikaona benchi. Nikakiweka taratibu. Nilipogeuka tena, treni ilikuwa imeshafika pale aliposimama.

Profesa wetu alizipeleka fuwele Hamburg Alhamisi iliyopita. Ijumaa akapiga simu, akasema picha ni safi kuliko walivyotarajia. Wenzangu wa maabara walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, wakanishukuru kwa kuzitunza. Ndiyo maana nimekuja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, sina la kupunguza.

(Sahihi) D. Kamugisha

Maelezo ya ofisa: Yametolewa kwa Kiswahili kupitia mkalimani, Bi. Theresia Ochola. Nilimweleza shahidi kwamba hana kosa kisheria. Baadaye aliomba nakala, akasema yeye mwenyewe atampelekea mjane, leo hii, kabla hajaingiwa na woga.
Inspekta Lindroth