Mafuta ya Kina Mwajuma

Jumatano. Vumbi la Miyuji limenijaa mpaka kwenye meno, na upepo haujatulia tangu asubuhi. Nimekaa kwenye kafe ya intaneti na hasira zangu. Nisipoandika hapa, nitamtukana mtu.

Nafundisha kemia kidato cha nne katika shule binafsi, mojawapo ya hizi zinazoota kama uyoga tangu kila mwenye kiwanja na matofali aruhusiwe kufungua yake. Maabara yetu ina kabati la vioo. Wazazi wakija, wanaona chupa za rangi rangi, wanatikisa vichwa kwa furaha, wanaandikisha watoto. Funguo anakaa nazo mwenye shule.

Wanafunzi wangu wanajua kwamba maji ya bromini ni ya kahawia, na kwamba ukiyatikisa pamoja na mafuta ya alizeti rangi inapotea, kwa sababu bromini yote inaungana na mafuta. Wamekariri. Kuona, hawajawahi.

Leo, baada ya kumbembeleza muhula mzima, mwenye shule akanitolea chupa moja iliyoandikwa bromini.

Mafuta alileta Mwajuma, binti wa Kondoa, baba yake anakamua alizeti. Alikuja nayo kwenye chupa ya soda, ameikumbatia kama mwana. Tukaizunguka meza. Nikachanganya, nikatikisa. Rangi palepale. Nikatikisa mpaka mkono ukauma. Palepale! Nikawaambia waandike walichokiona, kwa penseli, kama tunavyofanya maabara.

Darasa zima likaandika kwamba rangi imepotea.

Chupa iko mbele ya pua zao, kahawia tupu, na wanaandika imepotea! Mwajuma peke yake aliandika: haikupotea.

Mwenye shule alikuwa anapita. Akachungulia daftari la Mwajuma, akacheka. "Mafuta ya kijijini hayo, binti. Baba yako kayatia maji." Darasa likaangua kicheko. Mwajuma alichukua ufutio, akafuta, akaandika kama wenzake. Niliona machozi yakidondoka kwenye karatasi na sikumtetea, maana hata mimi nilikuwa sijui kimetokea nini.

Walipotoka ndipo nikajiuliza mbona pua haikuniwasha. Bromini ikifunguliwa, hata aliye mlangoni anakohoa. Mimi nilidhani imeisha nguvu kwa uzee. Nikanusa chupa. Nikanusa tena.

Chai ya rangi.

Nikamfuata ofisini nimeishika mkononi. Wala hakutahayari. "Madam, wazazi wanakuja kuona rangi, hawaji kunusa. Kwani hao watoto hawajaandika jibu sahihi?"

Alijua! Alisimama pale akijua kilichomo, akamtwisha mtoto wa watu uongo wake, kisha akamtukana na baba yake asiyekuwepo. Mtu mzima, ana wajukuu! Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini ya huyu ina lami na geti.

Chai ningeweza kuisahau. Ule ufutio siwezi. Mtoto mmoja katika darasa zima aliyaamini macho yake, na shule ikamfundisha kuyafuta.

Kabla ya kuja hapa nimepita duka la dawa, nimenunua pamanganeti, ile ya zambarau tunayooshea vidonda. Nayo ikikutana na mafuta ya alizeti haivumilii: zambarau inaondoka, inabaki kahawia. Nimeijaribu jikoni kwangu kwa tone la mafuta yaleyale ya kina Mwajuma. Imegeuka, bila ubishi. Mafuta mazima kabisa.

Akitaka kunifukuza, anifukuze, ila anisubiri nimalize kipindi cha kwanza. Kesho chupa ataitikisa Mwajuma mwenyewe, mbele ya wote waliomcheka. Na atakachokiona, ataandika kwa wino.