Kanga Haizuii Nyutrino

Itigi Stesheni, alasiri

Mke wangu Rehema,

Umeamkaje na hilo tumbo? Mama mpe shikamoo yangu. Injini imeharibika, tumekwama hapa tangu asubuhi, jua linachoma. Jirani yangu behewani alikuwa mwalimu wa fizikia, siku hizi anauza mitumba. Katueleza kuna chembe ndogo mno, nyutrino, zinatoka kwenye jua, kwenye hewa ya juu, hata kwenye nyota zinazolipuka huko mbali. Za jua zinatupenya mchana toka juu, na usiku toka chini, zikipita ardhini kutoka upande wa pili wa dunia.

Mama mmoja muuza asali, mjamzito kama wewe, alikuwa dirishani anasikiliza. Akatua ndoo, akafunika tumbo kwa kanga. Mwalimu akacheka: "Kanga haizuii, mama. Wala hazina madhara."

"Sizuii kitu," akajibu. "Nataka mtoto ajue nipo."

Tangu hapo sina raha. Mimba ya kwanza ilipotoka nilikuwa safarini, na sasa nimekuacha tena. Nakuomba ujifunike shati langu la kazi. Mtoto akicheza, mwambie nami nipo.

Ni mimi, Saidi wako.