Poda ya Kunguni Kwenye Godoro la Mzazi

Mpendwa Bi Zaharia, naomba unishike mkono maana nimechoka, na usinicheke Kiswahili changu cha chuoni, hapa Mahajanga tunasema Kimalagasi na Kingazija. Nafanya kazi maabara, tunawapa panya dawa za madukani tuone kama zinadhuru, na poda moja ya kunguni waliila wakanenepa, nami nikamwambia mama aliyeko kisiwani, Andoany, kwamba haina neno, basi mama, ambaye ndiye anayeitwa kuwakanda wazazi mpaka watoke arobaini, akaanza kuinyunyiza kwenye magodoro yao, akisema mwanangu ameipima, nami nikaona fahari, kumbe kipimo hakijakwisha, mwezi huu tumewatia panya ugonjwa mdogo, wasiokula poda wamepona, walioila wamekufa, kinga ya miili yao imelegea, na mkubwa wangu anasema nisitoe neno nje mpaka turudie, na mdogo wangu Hasnati amejifungua juzi huko huko kwa mama, analala juu ya poda hiyo hiyo na mtoto anakohoa, nimempigia mama simu aache, ananijibu, "Koultoum, nimeshawaapia watu, niwaangalie kwa macho gani?", sina nguvu ya kubishana naye wala ya kupoteza kazi, nifanye nini?

Koultoum, Mahajanga

Koultoum mwanangu,

Pole. Uchovu wako nimeusikia, lakini nitakugombeza. Nani alikwambia mnene ndiye mzima? Hata kuku wa sikukuu hunenepeshwa.

Mama usimlaumu, alikuamini wewe. Na mkubwa wako ana haki ya kurudia kipimo chake. Sikwambii utangaze kwamba poda inaua watoto, hilo hulijui. Unalolijua ni kwamba uliposema haina neno, ulikuwa hujui. Neno hilo ni lako, si la maabara, basi kalirudishe mwenyewe.

Piga simu tena leo. Mtoto apelekwe hospitali, na daktari aambiwe habari ya poda. Godoro lile wasililalie tena, mkeka safi unatosha. Kisha omba ruhusa, panda boti uende Andoany, uzunguke na mama nyumba kwa nyumba. Tangulia wewe mlangoni, useme, "Mama hakukosea, niliyekosea ni mimi." Toeni magodoro nje, fueni shuka. Kunguni watarudi, watauma, na watu watakusema. Mwasho unapona, na maneno ya watu pia.

Ulipowaambia poda ni salama hukungoja ruhusa ya mkubwa wako. Mbona kuwaambia "acheni kwanza" ndiko unakongojea ruhusa?

Zaharia